Kanda ya Kaltuma

Siku ya Jumanne soko la Inezgane, jirani na Agadir, hujaa mpaka watu hukanyagana viatu, na hakuna anayejua nani amwombe radhi mwenzake. Kaltuma alikuwa akikata njia katikati ya soko hilo, jalaba yake ya zambarau ameinyanyua kidogo isiguse maji ya samaki. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na kanda ya mama yake, utepe wote nje kama matumbo ya kuku. Redio ilikuwa imeitafuna asubuhi ile, na mama mtu alikuwa amebaki ameikodolea macho redio kana kwamba amefiwa.

Karibu na stendi ya mabasi kulikuwa na maduka matano ya kanda yaliyopangana, kila moja likipiga wimbo wake kwa nguvu ili kuuzima wa jirani. Kaltuma aliingia la mwisho kwa sababu ndilo pekee ambamo mtu angeweza kusikika bila kupiga kelele.

"Hii imekufa?" aliuliza, akiumwaga utepe juu ya meza.

Aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, mikono kaikunja hadi viwiko. Aliutazama utepe, kisha akamtazama mwenye utepe, na kule kwa pili akakawia.

"Umeilisha nini hii, dada?"

"Sijailisha kitu mimi. Redio ndiyo imeila."

"Na redio ulikuwa umeinyima chakula tangu lini?"

Kaltuma alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Yule mwanamume akavuta kiti, akachukua wembe, akakata pale utepe ulipokunjamana, akaunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi nyembamba kuliko ukucha. Kisha akaingiza kalamu katika tundu la kanda na kuanza kuuzungusha utepe ndani, polepole. Wateja wawili waliingia, wakauliza bei, wakatoka bila kujibiwa.

"Wateja wako wanaondoka," Kaltuma alisema.

"Waache. Leo nina mgonjwa."

Alipomaliza aliiweka kwenye mashine, na sauti ya mwimbaji Raysa Yamna ikajaa dukani, ile sauti yake ya kukwaruza iliyokuwa ikisikika jikoni kwa kina Kaltuma tangu hajaanza shule.

"Sekunde tatu zimepotea," yule mwanamume alisema. "Mama yako atagundua?"

"Atagundua hata pumzi moja ikipungua."

"Basi mwambie ni mimi, Bihi, nimekula hizo sekunde. Nimezila kwa ajili ya binti yake." Akakataa malipo. "Unafanya kazi wapi?"

"Duka la intaneti, kule Dcheira."

Bihi akashika kifua. "Yarabi! Nimemhudumia adui!"

Alitania tu. Siku ile wote wawili waliona ni utani.

Kabla ya Ijumaa Bihi alishaipata namba yake. Alikuwa anampigia wakati wa chakula cha mchana, duka lake likiwa limefungwa kwa sala, la Kaltuma likiwa halina wateja.

"Adui, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Mla-sekunde?"

"Nitakulaje wakati sijaiona sura yako tangu jana?"

"Jana ile ulinikalisha saa nzima na glasi moja ya maji ya parachichi."

"Nilikuwa nimeshiba kwa kukutazama, roho yangu. Wewe ndiye mlafi."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, majira ya baridi yote na machipuko yote. Walikutana kwenye duka la maziwa nyuma ya stendi, mezani pa pembeni, yeye na jalaba yake ya zambarau au ile ya kijani, Bihi na mashati yake meupe. Kaltuma alikuwa na miaka ishirini na sita na alishachoshwa na wanaume wanaoongea kuhusu magari. Huyu aliongea kuhusu sauti. Alikuwa anaweza kukwambia mpiga zeze la ribab fulani alikuwa na mafua siku aliporekodiwa. Duka aliliacha marehemu baba yake, aliyekuwa akipanda milimani kwa nyumbu na mashine ya kurekodia, akawashusha waimbaji ambao hakuna mtu wa mjini aliyewahi kuwasikia.

Lakini baba alikufa na wakati wake. Mwaka ule wa 2007, kati ya maduka matano ya ule mstari, mawili yalishageuka ya simu. Barabarani watu waliuza sidii zilizochomwa nyumbani, nyimbo mia mbili ndani ya moja. Na simu mpya zilikuwa zinakuja na kadi ndogo kama ukucha wa mtoto, ambayo ilimeza duka zima la Bihi na kubaki na nafasi.

"Kwa nini usiuze simu na wewe?" Kaltuma alimuuliza siku moja.

"Nani atamrekodi Raysa Yamna? Simu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa karata yake. Raysa Yamna hakuwa amerekodi kwa miaka tisa. Bihi aliuza gari la kubebea mizigo la baba yake, akamfuata mama yule kijijini kwao, akamshusha pamoja na wapigaji wanne, akakodi studio Agadir. Wakatoka na nyimbo sita. Mmoja wao, wa dakika kumi na nne, ulikuwa wa mama anayeanika nguo za wanawe walioko ng'ambo kila wiki, ingawa hakuna aliyezivaa, ili majirani wasiseme nyumba imehamwa. Bihi aliusikiliza studio akiwa ameegemea ukuta.

Kanda ingetoka Agosti mosi, wakati watu wa mkoa wa Souss walioko Ufaransa na Ubelgiji wanaporudi likizo, magari yamejaa hadi juu ya paa, na kila mmoja wao anataka kanda za kurudi nazo. Kazi ya kutoa nakala alipewa Dda Mbark, mzee wa Ait Melloul mwenye mashine ishirini, rafiki wa baba yake, mtu aliyemfundisha Bihi kushika wembe.

Mwezi Juni, nakala ya kwanza kabisa ilipotoka, Bihi hakuipeleka dukani. Aliifunga kwa karatasi ya dhahabu akaenda nayo duka la maziwa.

"Hata Raysa mwenyewe hajaipata," alisema. "Ni yako peke yako."

Kaltuma aliyachukua maneno yale kama mwanamke anavyoyachukua maneno ya mpenzi wake. Hakujua kwamba yalikuwa pia maneno ya mfanyabiashara.

Jioni ile aliipiga kwa mama yake. Ulipofika wimbo wa nguo, mama mtu aliacha kukanda unga wa shayiri, mikono imeganda ndani ya sufuria, akalia bila kutoa sauti.

"Lahsen angeusikia huu," alisema.

Lahsen alikuwa kaka yake Kaltuma, yuko kitongoji cha Paris mwaka wa sita, hana karatasi. Hakuthubutu kuvuka mpaka kurudi hata kumzika baba yao, kwa kuwa asingeweza kuingia tena. Kesho yake saa ya chakula Kaltuma alichukua redio ya nyumbani, akaiunganisha na kompyuta ya kazini kwa waya mmoja, akaipiga kanda pande zote mbili huku akila mkate na amlou, siagi ya lozi. Halafu akamtumia kaka yake nyimbo zote.

Lahsen alipiga simu siku hiyohiyo. Kaltuma alisikia tu mtu anavuta kamasi, na nyuma yake ribab.

"Umenirudisha nyumbani, dada," alisema mwishowe. "Wallahi umenirudisha."

Kaltuma alifurahi wiki nzima. Furaha ile ilikatika siku dereva mmoja wa teksi alipoingia dukani, akaweka simu yake mezani na kusema, "Niwekee ule mpya wa Raysa Yamna."

"Upi huo?"

"Ule wa nguo. Wenzangu wote wanao. Kwani wewe hujaupakua?"

Kaltuma alitafuta kwenye kompyuta. Ulikuwepo. Nyimbo zote sita, kwenye tovuti wanayokutana wana wa Souss walioko nje, chini ya picha ya mlima, na maneno haya: *Zawadi kwa kila aliye mbali na mama yake.* Ulishapakuliwa mara elfu thelathini na moja.

"Lahsen, ufute!" alipiga kelele kwenye simu. "Ufute sasa hivi!"

"Kuna nini?"

"Kanda haijatoka! Ni ya mtu! Ni kazi ya mtu!"

"Hukuniambia," Lahsen alisema. "Nilidhani iko sokoni. Tuko vijana tisa chumba kimoja huku, Kaltuma, wote tulilia. Nikasema, wengine je?"

"Ufute."

"Nitaufuta. Lakini wameshauweka kwingine. Nimeuona mahali kumi."

Agosti ilifika. Magari yalifika pia, na kila gari lililoegeshwa stendi lilikuwa linapiga wimbo wa nguo. Watu walishuka wakiuimba. Mabwana harusi waliutaka kwenye harusi zao. Raysa Yamna alikuwa hajawahi kupendwa hivyo maishani mwake. Na ndani ya duka la Bihi kanda zilisimama hadi dari, picha ya yule mama mamia kwa mamia, anatazama mlangoni.

Kaltuma alikwenda pale akiwa ameazimia kusema. Alimkuta Dda Mbark amesimama mbele ya meza, kofia mkononi, viatu vyake vya ngozi ya manjano vimejaa vumbi la njiani. Watu walikuwa wamesongamana mlangoni, kwa kuwa Bihi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti, alikuwa anafoka.

"Kanda ilikuwa kwako tu! Kwako na kwangu! Mimi sikuiba kitu changu mwenyewe!"

"Bihi, mwanangu. Nimemfanyia kazi baba yako miaka ishirini na..."

"Usimtaje baba yangu. Umeniuza kwa bei gani? Sema mbele za watu!"

Mzee aliwatazama watu, kana kwamba anamtafuta mmoja wa kumsemea. Macho yake yalipita usoni kwa Kaltuma yasisimame. Kaltuma alifungua mdomo. Alimwona Bihi, midomo mikavu, macho mekundu, akawaza: nikisema sasa, nimempoteza. Akaufunga.

Dda Mbark alivaa kofia yake. "Mungu akusamehe," alisema, akapenya katikati ya watu. Baada ya siku chache walisikia ameuza mashine zote ishirini kama vyuma chakavu na kurudi kijijini kwao.

Kaltuma alikaa siku tisa na jambo lile. Chakula hakikupita. Bihi alipopiga simu na kusema, "Bahati nimebaki na wewe," Kaltuma alikata simu na kusingizia mtandao. Siku ya kumi alimwita kwenye duka la maziwa. Alimwambia yote, kuanzia mikono ya mama yake ndani ya unga, mpaka ile picha ya mlima. Hakulia, maana aliona hana haki ya kulia.

Bihi alisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile dukani," aliuliza, "ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona mzee anatoka?"

"Nilimwona."

Aliinuka, akalipia maji ya parachichi ambayo hakuna aliyeyagusa, akaenda zake.

Mwezi mzima hakupiga. Kaltuma alimwandikia ujumbe kila siku. Mwanzoni mrefu, kisha mfupi, kisha salamu tu. Mwisho wa Septemba, saa ileile ya chakula, simu iliita.

"Adui, umekula?"

Kaltuma alikaa chini sakafuni, palepale kati ya kompyuta.

"Sijala," alisema.

"Nilikwenda kwa Dda Mbark. Nilimbusu mkono. Unajua alifanya nini? Alinichemshia chai. Nikamwambia si wewe, ni fulani. Akasema, hata kama si huyo, angekuwa mwingine, mwezi ujao au mwaka ujao. Akaniuliza kama baba angejua kuuza simu. Ningefurahi kama angenitukana. Nilikwenda nikitaka anitukane."

"Nitukane mimi."

"Nimejaribu. Mwezi mzima nimejaribu, Kaltuma. Natafuta maneno, naishia kuiona sura yako. Nimechoka. Nataka kuja kwa mama yako."

"Kufanya nini?"

"Kukwambia bei ya nyanya! Kufanya nini, we mwanamke? Kukuposa."

Alikuja Jumapili alasiri na mama yake mzazi, mwanamke mdogo wa umbo, shuka jeupe limemfunika hadi nyusi. Bihi alivaa jalaba ya sufu ya baba yake iliyompwaya mabegani. Walileta lozi, hina, na vichwa viwili vya sukari ya posa, iliyogandishwa kama pia, ndani ya karatasi yake ya buluu. Mama yake Kaltuma alimimina chai kutoka juu hadi povu likasimama, na kwa muda wa glasi mbili watu wote wanne walicheka. Kaltuma alikuwa na gauni la kijani na kidani cha fedha cha bibi yake. Alimwona Bihi anakitazama, akaona haya kama msichana wa miaka kumi na mitano.

Lakini baba hakuwepo, na neno la nyumba ile lilikuwa la Lahsen. Wakampigia. Simu ikawekwa katikati ya sinia, sauti nje.

"Karibu sana, ndugu Bihi," Lahsen alisema. "Kwanza nataka kukuomba radhi. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Yamepita."

"Lakini na wewe usione ni hasara tupu. Watu elfu themanini wameusikiliza! Raysa Yamna ameshaitwa kuimba huku Ufaransa, umesikia? Nimekutangazia kazi yako bure. Kanda zako zisingefika kwa watu elfu themanini."

Bihi alikuwa anazungusha glasi yake. "Zisingefika," alikubali.

"Sasa niulize kama kaka. Usikasirike. Kazi ya kanda imekwisha. Dada yangu utamlisha nini?"

"Lahsen!" Kaltuma aliruka. "Aibu! Wewe ndiye wa kuuliza hilo? Wewe?"

"Nani mwingine wa kuuliza? Baba yuko wapi? Mimi nalala chumba kimoja na watu wanane ili nyumba hiyo isizimike moto. Nikikosa kuuliza mimi, nani atauliza?"

Mama yake Bihi alivuta shuka lake mbele kidogo.

"Ana haki," Bihi alisema. "Kaltuma, kaa chini. Ana haki." Akainamia simu. "Ndugu yangu, nipe mwaka mmoja. Kuna kazi Dakhla, kule kusini kabisa, kwenye viwanda vya pweza. Nitakwenda, nitarudi na kitu cha mkononi."

"Mwaka mmoja," Lahsen alisema. "Sukari ibaki. Nimekubali."

Mlangoni, wakati mama yake Bihi anatafuta viatu vyake, Kaltuma alimshika Bihi mkono wa jalaba.

"Usiende. Tutaishi na mshahara wangu. Tutauza simu, tutauza soksi, sijali."

"Mimi najali." Kisha akatabasamu. "Mwaka ni dakika ngapi? Wewe mtu wa kompyuta, nipigie hesabu."

Kazi yake Dakhla ilikuwa kupanga pweza kwenye trei ndani ya chumba cha barafu. Mwanzoni alipiga kila siku wakati wa chakula. Alimwambia jinsi vidole vilivyokufa ganzi, jinsi kila kitu kilivyonuka, hata sabuni. Alitania kwamba pweza wana mikono minane na bado hakuna hata mmoja aliyemshika kama Kaltuma. Kaltuma alicheka. Baadaye zikawa simu za mara mbili kwa wiki. Kisha kiwanda kikasimama miezi miwili kwa sababu ya marufuku ya uvuvi, na Bihi akaishi kwa kubeba mizigo, na simu zikawa fupi.

"Wenzako wakoje?"

"Wazuri. Wanapenda muziki."

"Umewaambia ulikuwa na duka?"

"Niwaambie ili iweje?"

Kule Inezgane mwenye nyumba alilichukua duka, akalipangisha kwa watu wa simu. Mwaka ulipita. Wa pili ukaingia. Alasiri moja ya Machi Kaltuma alimpigia mwenyewe, mara nne, mpaka akapokea.

"Bihi, unarudi lini?"

Alisikia upepo, na mashine ikinguruma mbali.

"Kaltuma, usinisubiri."

"Umepata mwanamke?"

"Sina mwanamke."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Bado una hasira na mimi? Sema. Ukisema ndiyo, nitaelewa."

"Ningekuwa na hasira ningerudi," Bihi alisema. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha. "Naamka, naingia kwenye barafu, natoka, nalala. Hicho ndicho ninachoweza. Siku zote natafuta yule aliyekuja kwenu na sukari, simpati. Usimsubiri mtu ambaye hata mimi simpati."

"Mpenzi wangu..."

"Kula vizuri," alisema, akakata.

Mama yake Kaltuma alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, ukamtosha. Siku ya tatu alifungua kabati, akatoa vile vichwa viwili vya sukari, karatasi yake ya buluu bado haijachanwa, akavipangusa vumbi.

"Sukari ya watu hairundikwi, mwanangu. Irudi kwao."

Kwa kawaida hilo ni jambo la kutuma shangazi. Kaltuma alikataa. Alivaa jalaba, akavikumbatia vile vichwa viwili kifuani, akaenda kwa miguu hadi kwa kina Bihi. Njiani watu waliona karatasi ile ya buluu na kugeuza nyuso kwa adabu, maana kila mtu alijua sukari inayorudi ni posa iliyovunjika.

Mama yake Bihi alifungua mlango. Alitazama sukari, akamtazama Kaltuma, hakuuliza. Alivipokea, akaviweka mezani, akamketisha kwenye mkeka na kuanza kuchemsha chai. Nyumba ilikuwa safi mno, ya mtu anayeishi peke yake. Walikunywa glasi ya kwanza.

"Alikwambia nini?" mama yule aliuliza.

"Aliniambia nisimsubiri."

Mama alimimina glasi ya pili, mkono wake umetulia kabisa.

"Na mimi," alisema, "aliniambia hivyohivyo."